Vifaa vya kusafishia tangi la samaki: ununue nini na ujitengenezee nini ukiwa Mtwara au Lindi

Hita achana nayo. Seti za vifaa zinazoletwa kutoka nje mara nyingi huja na hita ya kupasha maji, na anayeanza huona asipoichomeka amekosea. Kwenye sebule ya Shangani au Mikindani maji hayapoi kiasi cha kuwadhuru samaki wa kawaida wa mapambo, hata kusi ikivuma mwezi wa Julai. Shida ya pwani ya kusini ni msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tangi linapofika nyuzi 30. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.3, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5, na joto hilohilo linamfanya samaki apumue kwa kasi zaidi. Fedha ya hita iende kwenye pampu ya hewa.

Vipimo vya hapa chini ni vya tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo mafundi vioo wengi wanaweza kuliunga. Kwa hesabu ni lita 54, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 45. Kila wiki unatoa lita 10 na kurudisha 10. Vifaa karibu vyote unavichagua kwa kuangalia hizo lita 10.

Mpira wa kunyonyea

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, kiwe hiki. Utando wa kijani kwenye kioo unachukiza macho lakini hauui samaki. Kinachoua kimejificha katikati ya changarawe: kinyesi na chakula kilichobaki, vinaoza na kutoa amonia. Ukichota maji kwa kikombe kutoka juu, umebadilisha maji na uchafu umeuacha palepale.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ukakatiwe mita 2 za mpira mwangavu wa nusu inchi. Ule mwembamba ambao mafundi huujaza maji kupimia usawa wa msingi unafaa kwa tangi la lita 20. Kwenye tangi letu utakuchosha. Kasoro ya mpira usiopitisha mwanga ni kwamba huoni kama unanyonya uchafu au unamnyonya samaki.

Kichwa cha mpira tengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kata kitako chake. Toboa kizibo kwa msumari uliopashwa moto, panua tundu kidogo kidogo hadi mpira uingie kwa kubana, kisha funga kizibo mahali pake. Ukingo uliokatwa uguse kwa sekunde moja kwenye sufuria ya moto ili makali yajikunje, yasije yakachubua samaki.

Upana wa chupa ndiyo siri yote. Ndoo ikiwa sakafuni, kama sentimita 60 chini ya usawa wa maji, mpira wa nusu inchi hutoa takribani lita 10 kwa dakika. Ndani ya mpira maji yanakimbia zaidi ya mita moja kwa sekunde, ila ndani ya chupa, kwa kuwa ni pana, yanapanda sentimita 5 au 6 tu kwa sekunde. Mwendo huo unaunyanyua uchafu mwepesi, lakini punje ya changarawe ya milimita 3 hadi 5 inashindwa kupanda, inageukageuka ndani ya chupa na kurudi chini. Ukichomeka mpira mtupu bila chupa, utaijaza ndoo changarawe.

Kuanzisha mtiririko usivute kwa mdomo. Maji ya tangi yana vijidudu ambavyo hutaki kuvimeza. Zamisha chupa na mpira wote ndani ya tangi hadi viputo viishe, ziba ncha ya mpira kwa dole gumba, itoe nje uishushe kwenye ndoo, achia. Chupa ikae ndani ya maji muda wote huo. Ichomeke kwenye changarawe sentimita 2 au 3. Utaona moshi wa kahawia ukipanda. Maji ndani ya chupa yakianza kung'aa, bana mpira kwa vidole, changarawe ianguke, hamia pembeni.

Safisha theluthi moja ya sakafu kila wiki, si yote. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti wanaishi juu ya hizo changarawe, na ukizisugua zote kwa siku moja samaki wanabaki bila wa kuwasafishia. Kama ndoo inajaa kabla hujamaliza theluthi, mpira ni mnene kuliko tangi lako. Bana zaidi au nunua mwembamba.

Mchanga wa ufukweni uache ufukweni. Ni laini, utapanda wote kwenye mpira. Tena fukwe zetu zina vipande vya matumbawe na magamba ya kombe, ambavyo huyeyuka taratibu na kuyafanya maji kuwa magumu zaidi, yaani yenye chokaa nyingi. Changarawe yoyote unayoitilia shaka idondoshee ndimu: ikitoa povu, ina chokaa. Mawe na matumbawe hai ya baharini usiyaguse kabisa. Upande wa Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, na kuchota mapambo ya tangi humo ni kujitafutia kesi.

Ndoo

Mbili, za lita 10, mpya. Ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na ukiinyanyua hadi usawa wa tangi ama utamwaga ama utaugonga ukingo wa kioo. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata uisuguaje. Plastiki huhifadhi, kisha huachia ndani ya maji. Andika SAMAKI ubavuni kwa wino usiofutika na uwaambie wote nyumbani, maana ndoo inayokaa uani haikosi wa kuifulia.

Maji ya kurudisha

Maji ya bomba huwa na klorini, ambayo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria. Chupa ndogo ya dawa ya kuondoa klorini inadumu miezi mingi. Pima kwa lita unazoongeza kama lebo inavyosema. Usipoipata, acha ndoo wazi saa 24, ikiwezekana na jiwe la hewa linalotoa viputo. Klorini ya kawaida itapaa. Maji yakiwa yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii. Hapo dawa ni lazima.

Maji ya kisima hayana klorini lakini yana mambo yake. Visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe hutoa maji magumu, na vilivyo karibu na bahari vingine vina chumvi. Dalili ya ugumu unaijua tayari: sabuni haitoi povu na birika lina ukoko mweupe. Badala ya kupigana na maji hayo kwa madawa, chagua samaki wanaoyapenda: gapi, moli, au samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika. Maji ya mvua ni laini mno kuyatumia peke yake kwa samaki hao, ila ni mazuri kufidia yaliyopotea kwa mvuke, kwa sababu mvuke huondoka na kuacha chumvichumvi nyuma. Ya mwanzo wa msimu, Novemba au Desemba, yaache yaoshe bati kwanza.

Vipimo

Kati ya karatasi za kuchovya na chupa za matone za kupimia maji, nunua matone. Karatasi ni rahisi, lakini unyevu wa pwani unaziharibu. Ukifungua kopo mara kumi tu zimeshavuta hewa na rangi zinadanganya. Vinavyotakiwa ni kipimo cha amonia, cha naitraiti na cha pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Cha naitreti kitafuata mfuko ukiruhusu.

Amonia na pH zisomwe kwa pamoja. Kwenye nyuzi 28 na pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya ile uliyoipima. Pandisha pH hadi 8, kama ilivyo kwenye maji mengi ya chokaa, na inakuwa kama asilimia 6 na nusu. Kwa hiyo rangi ileile ya kijani kibichi kwenye kipimo cha amonia inayomwacha samaki salama kwenye maji laini inaweza kumuua kwenye maji ya chokaa. Kwako amonia isomeke sifuri. Ikionekana yoyote, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo na usiwalishe samaki hadi kesho yake.

Wavu, na onyo kuhusu chandarua

Nunua nyavu mbili laini zenye mdomo wa sentimita 12 hadi 15: mmoja wa kumswaga samaki, mwingine wa kumpokea. Ukimfukuza kwa mmoja, atakuzungusha hadi achoke na ute wa mwili umtoke. Vipande vya nyavu za uvuvi vina mafundo yanayokwangua magamba.

Watu wengi huukosa wavu wakashona kipande cha chandarua cha zamani, au wanakitandaza juu ya tangi samaki wasiruke. Vyandarua vinavyogawiwa kujikinga na malaria vimewekwa kiuatilifu cha jamii ya pairethroidi, na pairethroidi kwa samaki ni sumu kali hata zikiwa chembe. Kufua hakuondoi, vimetengenezwa ili dawa idumu. Dawa ya mbu ya kupuliza ni hivyohivyo: pampu ya hewa huivuta chumbani na kuipeleka majini moja kwa moja. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni, na usiwashe hadi chumba kipate hewa safi.

Kioo

Utando wa kijani unatoka kwa wembe ulioshikiliwa kwenye kishikio, ukilazwa karibu kabisa na kioo na kusukumwa kuelekea juu. Simamisha mkono sentimita moja kabla ya kona: ule mstari wa silikoni ndio unaoshikilia tangi, na mkato mdogo tu ni uvujaji wa mwezi ujao. Tangi la akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, halitaki wembe kamwe. Tumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Sumaku ya kusafishia ni nzuri kwa wavivu, ilimradi uchague inayolingana na unene wa kioo chako, milimita 5 au 6, na usiishushe hadi kwenye changarawe. Punje moja ikiingia katikati itachora mstari usiofutika.

Ukoko mweupe kwenye usawa wa maji ni chokaa. Baada ya kupunguza maji, pitisha kitambaa kilicholoweshwa siki, kisha kitambaa cha maji matupu. Siki isidondoke ndani.

Sponji, pampu na umeme unapokatika

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha kwa tangi hili, na haina cha kuharibika zaidi ya sponji yenyewe. Kila wiki ya tatu au ya nne ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji uliyonyonya tangini, kisha irudishe. Usiioshe chini ya bomba hadi iwe nyeupe. Ile rangi ya kahawia ni bakteria wako, na klorini itawaua. Wiki ya kukamua sponji nyonya maji tu, changarawe iache hadi wiki inayofuata. Kwa ndani ya bomba la filta, brashi ya kuoshea chupa za mtoto inafika kila mahali, mradi ni mpya.

Pampu ikae juu kuliko maji. Ikibidi ikae chini, weka kwenye mpira wa hewa vali ya kuzuia maji kurudi, mshale ukielekea tangini. Bila vali, umeme ukikatika usiku maji yanarudi kwa mpira, yanaiua pampu na kulowesha ekstensheni. Pulizia vali kwa mdomo kabla ya kuifunga: upande mmoja hewa ipite, wa pili igome. Kwa mkatiko wa muda mrefu weka pampu ndogo ya USB inayokula pawabenki. Usipokuwa nayo, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kila baada ya nusu saa, na chakula kisubiri. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likiteremka lidondoke sakafuni. Na kabla mkono haujaingia majini, plagi iwe imechomolewa.

Kuhifadhi

Hewa ya chumvi inakula chuma haraka. Wembe ukaushe na kuupaka mafuta kidogo ya nazi, kisha uoshe kwa maji ya moto kabla ya kuutumia tena. Kibano na mkasi wa mimea viwe vya chuma kisichoshika kutu. Jaribu kwa sumaku dukani: ikinata kwa nguvu, weka shaka. Mpira wa kunyonyea mwaga maji yote, utundike wima kivulini, ncha zote mbili zikitazama chini. Ukiukunja na maji ndani, wiki moja baadaye utakuwa na utando mweusi usiofikiwa na brashi, na kwa kuwa unauzwa kwa mita, kata mwingine.