Somo: Kumuuguza Samaki wa Maji ya Chumvi Katika Tangi la Karantini

Kabla hujafungua chupa ya dawa, hakikisha una kifaa cha kupimia amonia, yaani sumu itokanayo na taka za samaki, kwa kuwa samaki wengi wanaofia karantini huuawa na maji waliyotiwa, ugonjwa wenyewe ukiwa bado haujafika mahali pa kuua. Somo hili linamhusu hasa samaki mwenye madoa meupe, yaani aliyeshambuliwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambaye hutibiwa kwa shaba.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumkamata

Keti mbele ya tangi kwa dakika tano bila kusogea, kisha uhesabu ni mara ngapi matamvua yake yanafunguka kwa dakika moja, ukilinganisha na mwenzake mzima wa aina ileile. Madoa meupe ya Cryptocaryon yanafanana na punje za chumvi ambazo waweza kuzihesabu moja moja, na mara nyingi huanza kuonekana kwenye mapezi. Ukizima taa na kummulika kwa tochi kutoka ubavuni, ukaona vumbi laini la rangi ya dhahabu limemfunika mwili, huyo anaelekea kuwa na Amyloodinium, ugonjwa unaoweza kumaliza tangi zima kwa siku chache. Samaki wa namna hiyo hupenda kusimama mbele ya mkondo wa pampu, akihema haraka. Hapo usingoje kesho.

Samaki aitwaye kangaja hushikwa na madoa mapema kuliko wengi, na utamwona akijikuna ubavu kwenye jiwe kama anayejaribu kubandua kitu. Kujikuna mara moja si dalili. Kujikuna mara kwa mara mchana kutwa ni dalili.

Hatua ya pili: andaa tangi tupu

Tangi la karantini halihitaji kupendeza. Liwe na hita, kipimajoto, pampu ya hewa, chujio la sponji na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki ambamo samaki atajificha. Usiweke mchanga wala mawe, maana vyote viwili hunyonya shaba na kukuvurugia vipimo. Mkaa wa kuchujia pia uondolewe, kwa kuwa huivuta dawa kutoka majini. Joto liwe baina ya nyuzi 25 na 27, na kipima chumvi kisome sawa na tangi alikotoka, kwa kawaida 1.023 hadi 1.025.

Sponji ndiyo roho ya tangi hili. Sponji iliyokaa wiki kadhaa ndani ya tangi kuu huwa imekwisha kuota bakteria wanaokula amonia, ilhali sponji mpya kutoka dukani ni kipande cha povu tu. Asiye na sponji iliyokomaa atalazimika kubadilisha maji kila siku, pengine theluthi nzima, na hana njia ya mkato. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake (kipimo cha asidi majini) huwa karibu 8.2, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayochoma matamvua kuliko ilivyo katika maji yasiyo na chumvi yenye pH ya chini, kwa hiyo kipimo kidogo kinachoonekana si kitu kinaweza kumdhuru samaki ambaye matamvua yake tayari yana majeraha.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya shaba

Dawa hupimwa kwa maji yaliyomo, wala si kwa namba iliyoandikwa kwenye kioo. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, likijazwa maji hadi kimo cha sentimita 25, lina lita 45 hata kama lilinunuliwa kama tangi la lita 54. Shaba ya kawaida isiyofungwa na kemikali nyingine hutibu ikiwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo vimelea wanaishi, na juu yake samaki anaanza kuumia. Kwa lita 45, kiwango cha juu ni miligramu 9 kwa jumla. Shaba iliyofungwa hutumika kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko hicho, kwa hiyo fuata maelezo ya chupa yako, na utumie kifaa cha kupimia kinachoweza kuisoma aina hiyo.

Usimimine dozi yote kwa pamoja. Gawanya kwa siku mbili au tatu, ukipima kila baada ya kuongeza. Ukibadilisha lita 15, hayo maji mapya yaje na miligramu 3 za shaba. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi wala dawa, kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake, na chumvi na shaba hubaki.

Mimi hushikilia siku 30 mfululizo, na kipimo kikishuka chini ya 0.15 hata kwa siku moja, naanza kuhesabu upya.

Hatua ya nne: tangi kuu libaki bila samaki

Samaki wote watolewe, hata wasio na doa lolote. Matumbawe, kamba na konokono hubaki, kwani kimelea huyu hula samaki tu. Wafugaji wengi hushika muda wa siku 76, nami sioni sababu ya kuwa na haraka. Neti, ndoo na mrija wa kunyonyea uchafu visihamishwe kutoka tangi moja hadi jingine, na mikono ikaushwe kabisa kabla ya kuhama.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Madoa yote yametoweka siku ya nne. Je, nimrudishe?

Jibu: Marahaba. Usimrudishe. Kimelea hukaa chini ya ngozi ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha hudondoka chini, hujifungia ganda, na humo hugawanyika kuwa wadogo wengi wanaotoka kutafuta samaki. Shaba huwaua hao tu wanaoogelea. Aliye chini ya ngozi na aliye ndani ya ganda haiwafikii. Ulichokiona siku ya nne ni kudondoka kwao, ambako kungetokea hata bila dawa.

Swali: Kitatange wangu amegoma kula tangu nitie shaba. Nimpe kitunguu saumu?

Jibu: Pima amonia kwanza, ndugu, halafu shaba. Vikiwa sawa, punguza mwanga na umpe chakula kidogo cha kugandishwa mara tatu kwa siku, ukiondoa masalio baada ya dakika kumi. Kitunguu saumu huenda kikamvutia kwa harufu, lakini kwangu mimi hakihesabiki kuwa dawa. Akifikia siku ya tatu bila kula, ishushe shaba hadi 0.15, usiende chini ya hapo.

Swali: Nina kimiminika cha kufunga amonia. Naweza kukitia pamoja na shaba?

Jibu: Baadhi yake, vikikutana na shaba, huiongezea sumu ghafla, na samaki hufa usiku uohuo. Badilisha maji.

Swali: Nimeambiwa kwamba kupunguza chumvi pekee kunatosha, bila shaba.

Jibu: Kwa Cryptocaryon njia hiyo hufanya kazi, ikiwa kipima chumvi chako kimesahihishwa na kinasoma 1.009 bila kupanda kwa wiki kadhaa. Kwa Amyloodinium haifai kitu, kwa hiyo usiichague kama huna hakika na ugonjwa. Pia fuatilia pH, maana maji yaliyopunguzwa chumvi huishusha kwa urahisi. Kushusha chumvi kunaweza kuchukua siku mbili, lakini kuipandisha kuwe kwa polepole sana, siku tano hadi saba, kwa sababu mwili wa samaki hustahimili kushuka kuliko kupanda.