Uzamili wa uhandisi wa mifumo kwa mwaka mmoja: kazi inaanza kabla ya chuo

Mtoto wa dada yangu wa Makorora amemaliza shahada ya uhandisi wa mitambo. Juzi kaja Chumbageni: "Mama mdogo, nataka uzamili wa uhandisi wa mifumo, tena wa haraka. Napitia wapi?" Uhandisi huo ni wa kuzifanya sehemu nyingi zinazotegemeana zifanye kazi kama kitu kimoja. Nilichomjibu nakiandika hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza, usichanganye njia mbili. Vyuo vingi vya Marekani vina mpango wa nne jumlisha moja, yaani miaka minne ya shahada ya kwanza na mmoja wa uzamili: mwanafunzi anaanza kozi za uzamili akiwa bado kwenye shahada ya kwanza, na baadhi ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zinahesabiwa huku na huku. Mpango huo kwa kawaida ni wa wanafunzi wa chuo hichohicho. Wewe uliyekwisha kuvaa joho usilipie maombi yake. Njia yako ni uzamili ulio mfupi wenyewe. Uingereza, uzamili wa kufundishwa huchukua miezi 12 hivi. Marekani mara nyingi ni krediti 30, nazo zinamalizika kwa mwaka ukisoma mfululizo, kiangazi nacho kikiwemo. Uliza mapema kama kozi unazozihitaji hufundishwa kiangazi.

Halafu chukua transkripti yako, yaani hati ya kozi na alama zako, iweke kando ya masharti ya chuo, soma mstari kwa mstari. Mimi sikufanya hivyo. Nilifika chuoni kusoma uzamili sina kozi ya uwezekano na takwimu, nikapangiwa ya kufidia, na muhula mzima ukaenda huku kodi ya chumba ikidaiwa kila mwezi. Bado inaniuma. Tazama takwimu, aljebra ya matriki na programu za kompyuta. Penye pengo, soma sasa hivi ukiwa nyumbani.

La tatu ndilo kubwa: nenda na mradi mkononi. Sisi wa Tanga tunao mlangoni. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba limeundwa lipashwe joto kwa umeme njia nzima. Gusa joto, umegusa umeme. Gusa umeme, umegusa pampu, matangi, meli inayosubiri gatini, na mvuvi anayepita na ngalawa yake. Uhandisi wa mifumo ni kuyashika hayo yote pamoja.

Ila usibebe bomba zima, chukua kipande. Tuseme kugundua uvujaji. Andika ukurasa mmoja: nani anaguswa, mfumo ufanye nini, na utajuaje kwamba umefanya. "Ugundue haraka" si sharti la kihandisi. Haraka ni dakika ngapi? Uvujaji wa kiasi gani? Nani anapigiwa simu usiku wa manane? Ukurasa huo utakufaa kwenye barua ya maombi, na ukikomaa unakuwa tasnifu. Wenzako watakuwa wanatafuta mada wakati wewe unakusanya data.

Ufadhili: Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, hutaka saa 2,800 za kazi, kwa hiyo aliyehitimu jana asubiri kwanza. Ule wa pamoja wa Jumuiya ya Madola (Commonwealth Shared Scholarship) hupokea Watanzania, utazame. Na kabla ya kulipa popote, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakitambua chuo.

Kesho baada ya alasiri nipo nyumbani. Njoo na transkripti na penseli, tuanze na takwimu.