Ovaholi ya Hilux yenye 22R nyumbani: pima kwanza, spea baadaye

Wakuu, hii ni ya ovaholi, yaani kufungua injini na kuijenga upya, kwa wale wenye Hilux za zamani zenye injini ya 22R, ile ya petroli ya silinda nne, cc 2366, ya kabureta, Toyota walianza kuitoa 1981. Ni injini ngumu sana na inafungika nyumbani kabisa ukiwa na uvumilivu, bloku (mwili wenye silinda) ni chuma, hedi (kichwa chenye valvu) ni alumini, kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu na inaendeshwa na cheni, hakuna kompyuta ya kukuchanganya. Ila watu wengi wanapoteza hela kwa sababu wanaanza dukani, mtu anapita maduka ya spea ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, anabeba fulu seti, pistoni, beringi, ringi, halafu ndio anafungua injini na kukuta krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inataka saizi nyingine kabisa. Fungua, pima, peleka mashine (karakana ya kuchonga injini) wathibitishe saizi, ndio ununue. Ukifuata mpangilio huo nusu ya matatizo hutayaona.

Kabla hujagusa spana hakikisha kweli injini inataka ovaholi. Azima geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda, unasomwa kwa psi). Chemsha injini mpaka joto la kawaida, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, kanyaga akseleta mpaka chini, piga stata. 22R nzima inasoma kama psi 171, ikishuka chini ya 142 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ukikuta silinda iko chini mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi au ukuta wa silinda umeisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Zikiwa chini mbili zilizopakana, mara nyingi gasketi ya hedi imepasuka katikati yao, hapo unaweza ukamaliza kazi kwenye hedi tu bila kushusha injini.

Kama ni kushusha, mwaga oili na maji, toa betri, bonneti, redieta, na kila waya na mpira unaochomoa piga picha na uubandike tepu yenye jina. Usitegemee kukumbuka, spea na kazi za mashine huwa zinachelewa na ukirudi baada ya wiki mbili hutajua waya upi ulikuwa wapi. Injini hii inapita kilo 130 kwa hiyo tafuta chein bloki na uitundike kwenye tripodi ya mabomba ya chuma, sio kwenye kenchi ya banda wala tawi la mti. Gia boksi unaiacha kwenye gari, ila iweke jeki chini yake ndio uchomoe injini, isije ikaning'inia kwenye shafti ya kluchi.

Kwenye kufungua hedi kuna bolti moja inasumbua sana watu. Bolti kumi za hedi ndizo zinashika pia roka (mikono inayosukuma valvu), unazilegeza kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati, ukimaliza unavuta hedi haitoki. Usiipige nyundo! Angalia mbele kabisa ya hedi, toa gia ya kamshafti na ile ya kuzungusha distributa, pale chini pana kidimbwi cha oili, nyonya hiyo oili na kitambaa utaona kichwa cha bolti kinachoshuka kwenda kwenye taimingi kava. Hedi ngapi zimepasuliwa na bisibisi kwa sababu ya bolti hiyo moja.

Sasa taimingi kava, hapa nakaa kidogo kwa sababu ndio ugonjwa mkubwa wa hii injini. Zile za katikati ya miaka ya 80 zina cheni ya mstari mmoja na gaidi (reli zinazoiongoza cheni) za plastiki. Plastiki ikizeeka inavunjika, cheni inaanza kucheza, unasikia mlio wa kukwaruza mbele asubuhi ukiwasha, na mwenye gari anapuuza. Cheni inasaga kava kwa ndani taratibu mpaka inatoboa kwenye njia ya maji, maji yanaingia kwenye oili. Fundi anaona oili imekuwa kama chai ya maziwa anasema gasketi ya hedi, anabadilisha, tatizo linabaki pale pale. Ukishatoa kava igeuze, pitisha kidole ndani upande wa gaidi. Ukihisi mfereji wenye kina tafuta kava nyingine, usiipake gundi ya chuma. Na hapa ndipo modifikesheni ya kwanza ninayoshauri kwa moyo wote: weka seti ya cheni ya mistari miwili, au angalau gaidi zenye mgongo wa chuma. Hata kama huna hela ya kitu kingine, hiyo fanya.

Kitu kingine, 1985 Toyota walibadilisha bloku, hedi na pistoni za hii injini. Gasketi na hedi za kabla na baada hazilingani. Ukienda dukani nenda na namba ya injini na gasketi ya zamani mkononi, uzilaze mbili juu kwa juu, matundu yote yalingane.

Kabla ya kutoa pistoni toa kile kingo cha kaboni na chuma kilichobaki juu ya silinda, la sivyo utavunja ringi na kuchubua pistoni. Konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na kofia zake zipige alama za namba, hazichanganywi hata siku moja, na kofia za meini (zinazoshika krenki kwenye bloku) zina mishale inayotazama mbele. Safisha ndio upime. Silinda ya standadi ni mm 92, pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili, hiyo ndio inakwambia kama imekuwa ya mviringo wa yai au imepanuka juu. Jeno (sehemu za krenki zinazokaa kwenye beringi) za meini ni mm 60 na za konrodi ni mm 53. Kama huna mikrometa na boa geji peleka mashine wakupimie mbele yako uandike kwenye daftari, ni hela ndogo kuliko kununua beringi mara mbili. Hedi laza rula ya chuma iliyonyooka, ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), ikipita mm 0.15 ipigwe skimu, yaani ichongwe inyooke. Angalia pia nyufa kati ya viti vya valvu, gari iliyowahi kuchemsha vibaya mara nyingi inazo.

Skimu isizidi lakini. Kila unapopunguza hedi kamshafti inasogea karibu na krenki, cheni inalegea, taiming ya valvu inachelewa, na kompresheni inapanda kutoka 9 kwa 1 ya kiwandani. Injini inaanza kugonga kwa ndani ikipanda mlima na petroli ya kawaida. Mwambie wa mashine atoe kiasi cha kunyoosha tu.

Kama vipimo vinaonyesha silinda zinataka boringi (kuchongwa ziwe pana), nunua pistoni za oversaizi kabla ya kuchonga, tuseme mm 0.50, zipeleke mashine pamoja na bloku ili kila silinda ichongwe kwa pistoni yake. Bloku ikirudi, hata kama wamekwambia wameosha, wewe osha tena na maji ya moto na sabuni ya unga, pitisha brashi kwenye njia zote za oili, kausha na upake oili haraka isishike kutu. Halafu chukua kitambaa cheupe chenye oili pitisha ndani ya silinda. Kikitoka na kijivu bado kuna unga wa jiwe la mashine, osha tena mpaka kitoke cheupe. Unga huo unakula ringi mpya na beringi mpya ndani ya kilomita chache, na hapo watu wanasema ringi ni feki.

Kufunga sasa. Kila ringi iingize kwenye silinda, isukume chini na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima uwazi wa ncha, ringi ya juu ukipata kati ya mm 0.30 na 0.40 uko vizuri. Ikiwa ndogo ifaili kidogo kwa tupa, ncha zikigusana injini ikipata moto ringi inavunjika. Kwenye pistoni mianya isipangwe mstari mmoja. Beringi zipime kwa plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa kupima uwazi), meini inatakiwa iwe karibu na mm 0.025 hadi 0.055. Kofia za meini kaza futi-paundi 76, za konrodi 51, na kila ukikaza kofia moja zungusha krenki kwa mkono. Ikikaza ghafla simama hapo hapo ufungue uangalie, usiendelee ukitumaini itajiachia.

Pampu ya oili iko mbele kwenye krenki, ijaze Vaseline kabla ya kuifunga ili ivute oili mara ya kwanza. Cheni: silinda namba moja iwe juu, kii (kabari ndogo) ya krenki itazame juu, pini ya kamshafti nayo juu, vile viungo vya cheni vyenye rangi vikae kwenye alama za gia. Pale kava inapokutana na bloku kwenye kona mbili weka tone la silikoni kabla ya kulaza gasketi ya hedi, bila hivyo oili itavuja. Bolti za hedi kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu mpaka futi-paundi 58, na ile bolti ya mbele usiisahau. Toki renchi azima kama huna, hedi ya alumini haikazwi kwa kukisia.

Tapeti (uwazi wa valvu) unaseti injini ikiwa moto, valvu za inteki (za kuingiza) mm 0.20 na za eksozi (za kutoa moshi) mm 0.30. Namba moja ikiwa juu kwenye kompresheni unaseti inteki ya 1 na 2, eksozi ya 1 na 3, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili umalizie zilizobaki. Kwa kuanzia seti hivyo hivyo ikiwa baridi, halafu rudia ikishachemka. Waya za plagi zinafuata 1-3-4-2.

Kwenye modifikesheni za nguvu, kwa gari ya kubeba mzigo usikimbilie kamshafti kali. Hizo zinatoa nguvu mzunguko ukiwa juu na kupoteza huku chini ambako unaihitaji ukiwa na magunia kwenye matope. Kabureta ya Weber 32/36 ni nzuri, tundu la mm 32 linafunguka kwanza na la 36 linafuata ukikanyaga, kwa hiyo mjini ulaji wake unavumilika, pamoja na eksozi manifoldi ya mabomba. Lainisha pia pale inteki na gasketi zisipolingana, usipanue zaidi ya hapo. Ila jeti (vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta) lazima ziendane na unakoishi. Mbeya na Nairobi ziko juu ya mita 1600, hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa Dar au Mombasa ikifika huko inamwaga mafuta, plagi zinakuwa nyeusi na gari inakosa nguvu, unatakiwa kuweka meini jeti ndogo zaidi. Na injini yoyote isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000 unazopanda, kwa hiyo usimlaumu fundi kwa hilo.

Halafu hii tabia ya kutoa termostati, naomba tuiache. Injini bila termostati haifiki joto lake, petroli inaosha oili kwenye silinda, ringi mpya zinaisha mapema. Kama inachemsha tatizo ni redieta imeziba, fani kluchi au wota pampu, tengeneza hicho. Na weka kulanti, sio maji ya bomba, alumini na chuma kwenye maji matupu vinaliwa na kutu mpaka njia zinaziba.

Siku ya kuwasha chomoa waya wa koili, piga stata kwa vipindi mpaka geji ya oili ipande, ndio urudishe. Kama kamshafti ni mpya shikilia kama rpm 2000 kwa dakika 20 hivi ukiwa unacheki joto na uvujaji, usiiache sailensi (ikizunguka polepole bila kukanyaga). Baada ya hapo itoe barabarani, ipe mzigo wa wastani, kanyaga na uachie, kanyaga na uachie, mwendo mmoja wa muda mrefu haukalishi ringi. Ikifika kama kilomita 500 mwaga oili na ubadilishe filta, ikaribiapo 1000 fungua kava ya juu useti tapeti tena, zitakuwa zimesogea.