Kudurusu kwa ajili ya KCSE: funga noti, ufungue karatasi

Tangu mtihani wa moko, ule wa majaribio, kijana wa jirani yangu hapa Kaptembwo, Nakuru, amekuwa akija kwangu jioni na begi lake la vitabu. Bidii anayo. Noti zake amezipigia mistari ya rangi mpaka kurasa zimelegea. Lakini zifunike, umuulize swali moja la kemia, utamwona anaanza kutazama dari. Nafundisha hisabati na kemia, na kila mwaka nakutana na watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wa aina yake: wamesoma sana, wamejibu kidogo. Hivi ndivyo ninavyowapitisha.

Hatua ya 1: Orodhesha mada

Ukurasa mmoja kwa kila somo. Tia alama kwenye mada zinazokutoa jasho, uanze na hizo. Usipoteze Jumamosi nzima ukipamba ratiba. Hisabati iwe na nafasi kila siku, kwa sababu tangu 2023 gredi ya jumla huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja na masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Mengine unaweza kufidia, hilo huwezi.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi za miaka iliyopita

Anza na za KNEC zenyewe, yaani baraza la mitihani, kisha ndipo uende kwenye za moko. Toa kopi pale saiba. Mimi sikubali mwanafunzi adurusu kwenye simu: majibu yako karibu mno, na ujumbe wa WhatsApp huingia akiwa katikati ya hesabu ya vekta. Simu apewe mama hadi karatasi iishe.

Kwenye fasihi, angalia mwaka kwanza. Vitabu teule hubadilishwa, na karatasi ya zamani inaweza kukuuliza kuhusu riwaya ambayo hukuwahi kuifungua.

Hatua ya 3: Ifanye kwa saa

Karatasi ya hisabati, ya kwanza (121/1) au ya pili (121/2), ni alama 100 kwa saa mbili na nusu. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 likikushika zaidi ya dakika tano, liruke, utalirudia. Sehemu ya pili ina maswali manane na unajibu matano, kwa hiyo yasome yote manane kabla ya kuchagua. Kama nyumbani kuna kelele au stima imepotea, nenda maktaba ya kitaifa hapa Nakuru.

Hatua ya 4: Sahihisha, na hapa usiwe na haraka

Wengi hufika hapa, wakahesabu alama, wakaandika 47 juu ya ukurasa na kufungua karatasi nyingine. Hapo karatasi nzima imepotea bure. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Chukua kalamu nyekundu na mwongozo wa usahihishaji. Jisahihishe kama mtu asiyekujua. Kwenye biolojia kijana huyu alieleza osmosisi kwamba ni maji kusafiri kutoka kwenye mmumunyo hafifu kwenda kwenye mmumunyo mzito, akajipa tiki. Utando ambao maji hayo hupitia hakuutaja. Aliniambia, "Lakini mwalimu, nilikuwa naujua." Msahihishaji hasomi ulichojua, anasoma ulichoandika. Nikaifuta ile tiki.

Kwenye hisabati, tazama alama za M na A. M ni ya njia, A ni ya jibu sahihi. Ukiandika jibu tupu, likawa limekosewa, huna cha kuokoa. Ukionyesha njia, unaweza kubaki na M hata jibu likipotea.

Sasa nunua kaunta buku moja, lile daftari nene, ya makosa tu. Si karatasi za kulegea, zitapotea. Kila swali ulilokosa liandike humo upya, na kando yake useme ulikosa kwa nini. Sababu ni nne: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, sikusoma swali vizuri, mkono uliteleza kwenye hesabu.

Mfano huu umetoka kwenye kaunta buku ya kijana huyu. Shilingi 20,000, riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ikilimbikizwa kila miezi 6, kwa miaka 2. Alipata 24,200. Yeye alifikiri hajui fomyula, akataka kusoma mada yote upya. Nikamwambia asome swali kwa sauti. Alipofika "kila miezi 6" akanyamaza. Riba ni asilimia 5, vipindi ni vinne, jibu ni 24,310 na senti kidogo. Kosa lake lilikuwa la kusoma, na dawa yake ni kupiga mstari chini ya maneno ya namna hiyo kabla ya kushika kikokotoo. Kusoma sura nzima upya kusingemsaidia chochote. Ndiyo maana nasisitiza sababu iandikwe: kila moja ina dawa yake. Ya "sikujua" pekee ndiyo inayokurudisha kwenye noti.

Tahadhari moja. Miongozo mingine inayouzwa mjini ina majibu yasiyo sahihi. Ukirudia hesabu na bado mnapingana, usibadilishe jibu lako kimyakimya. Mpelekee mwalimu wako.

Hatua ya 5: Rudia makosa

Baada ya siku tatu, funika majibu kwenye kaunta buku ujibu tena. Kisha baada ya wiki. Swali ukilipata mara zote mbili, lipige mstari. Majadiliano ya kikundi yaje baada ya kila mmoja kujaribu peke yake, la sivyo mmoja anafundisha na wengine wanaitikia.

Hatua ya 6: Maabara

Kemia 233/3, karatasi ya vitendo, ina alama 40, na haifunzwi kwa kusoma. Kwenye taitresheni, lile jaribio la kudondosha asidi kwenye alkali na kusoma ujazo, jaza jedwali lote na usichanganye desimali: zote ziwe na tarakimu moja baada ya nukta, au zote mbili, na ya pili iwe 0 au 5. Hizo ni alama za bure. Mwombe mwalimu wa maabara nafasi mapema, kabla foleni haijawa ndefu.