Somo: Lofti na shafti ya draiva, kwa sisi tunaopiga gofu Tanga

Jumamosi nilikaa nyuma ya tii ya kwanza, pale watu wanapoanzia kupiga, asubuhi nzima. Sikupiga, nilitazama fimbo za watu tu. Katika draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza) kumi na moja zilizopita mbele yangu, nane zilikuwa na herufi S kwenye shafti (mpini wa fimbo; herufi zake toka laini hadi ngumu ni L, A, R, S, X), na nyingi kati ya hizo lofti yake, yaani mwinamo wa uso kuelekea nyuma, ilikuwa ya nyuzi 9. Mipira yake ilipanda kimo cha mnazi, ikakata kulia, ikadondoka. Wenyewe wakashika viuno wakisema bega limefunguka mapema. Huenda. Lakini mtu wa mguu namba 7 aliyevishwa kiatu namba 10, utamlaumuje namna anavyotembea?

Fimbo zetu nyingi ni za mkono wa pili. Mgeni anaondoka anauza, ndugu analeta moja kutoka Dubai, mzee anastaafu anampa kijana. Tunanunua kilichopo, halafu tunakaa miaka tukijipinda ili tuendane nacho. Mimi nilicheza na draiva ya nyuzi 9 yenye shafti X kwa miaka miwili, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia mwanaume hapigi R. Nilipiga kwa nguvu zote hadi kiuno kikaanza kuuma. Siku mzee mmoja aliponiazima ya kwake, nyuzi 12, shafti R, mpira wangu wa kwanza ulipaa mpaka nikadhani nimeukosea. Ulitua mbele ya mipira yangu yote ya wiki ile. Ndiyo maana naandika somo hili, na ndiyo maana natilia mkazo lofti kuliko shafti, ingawa kijiweni kinachobishaniwa ni shafti.

Hatua ya kwanza: jua umbali wako wa hewani

Mashine ya kupimia si lazima. Chagua asubuhi ya masika, ardhi ikiwa laini, kabla upepo haujaamka. Muombe kedi, mbeba fimbo wako, asimame mbele lakini pembeni, nyuma ya mti kama upo, akiwa na vijiti. Piga mipira 10. Kazi yake ni kuchomeka kijiti mpira ulipotua, si uliposimama. Masika inasaidia sana hapa: mpira ukidondoka kwenye majani mabichi unaacha kovu dogo, udongo umebonyea na umande umefutika kwa duara, na hapo hakuna ubishi. Tupa mipira miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili mibaya kuliko yote. Chukua wastani wa sita iliyobaki. Kama unapima kwa miguu, pima kwanza hatua yako nyumbani kwa futi kamba, maana yadi moja ni sentimita 91 na wengi wetu hatua zetu ni fupi kuliko tunavyoamini.

Mpira ukitua chini ya yadi 180, tafuta shafti ya L au A. Kati ya 180 na 200, A. Kati ya 200 na 240, R, ambayo inaendana na kasi ya kichwa cha fimbo ya maili 85 hadi 95 kwa saa. Kuanzia 240 hadi 275 hapo ndipo S inapoanza kukusaidia. X ni ya wanaozidi hapo. Haya ni makadirio ya kuanzia. Hakuna kiwango kimoja kinachowabana watengenezaji wote, kwa hiyo R ya mmoja inaweza kuwa ngumu kama S ya mwingine. Herufi inakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe.

Hatua ya pili: poda

Chukua poda ya watoto, paka nyembamba kwenye uso wa draiva, piga. Alama ya duara itabaki pale mpira ulipogusa. Rudia mara tano, kila mara ukifuta na kupaka upya. Ukiona alama zinakusanyika chini, karibu na unyayo wa fimbo, basi mpira unatoka chini na unajizungusha kinyumenyume kupita kiasi. Unapanda kidogo, unasimama hewani, unaanguka. Zikikaa juu kidogo ya katikati, mpira unatoka juu zaidi na unajizungusha kidogo, na hiyo ndiyo pigo refu. Uso wa draiva umebinuka kama tumbo la chungu, kwa hiyo sehemu ya juu ina lofti kubwa kuliko ya chini.

Kabla hujatoa shilingi, inua tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Ukiweka fimbo chini, nusu ya mpira ionekane juu ya utosi wa draiva. Nimeona watu wakiongeza yadi 15 kwa tii ndefu peke yake.

Hatua ya tatu: lofti

Hapa ndipo penye fedha yako. Watu wengi wanaamini lofti ndogo ina maana mpira mrefu. Inakuwa kweli kwa mwenye kasi kubwa. Mpira hauendi mbali kwa sababu umetoka chini; unakwenda mbali kwa sababu umebaki hewani ukiwa bado na mwendo. Mwenye kasi ndogo anahitaji kuurusha juu zaidi, la sivyo unatua kabla haujafanya kazi.

Watazameni wachezaji wa kike wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Wastani wa kasi yao kwa draiva ni kama maili 94 hadi 96 kwa saa, kasi ambayo wanaume wengi wa klabu wanayo au wanaikaribia. Mpira wao unatoka kwa pembe ya nyuzi 13 hivi na kutua yadi 220 hivi. Wanaume wa ligi kubwa wanazungusha fimbo kwa maili 113 na zaidi, na mpira wao unatoka kwa nyuzi 11 hivi. Sisi tuna kasi ya wale dada, au chini yake, lakini tunanunua fimbo za wale wanaume.

Kwa hiyo: ukiwa chini ya yadi 200 za hewani, anza na nyuzi 12, hata 13 ukiipata. Ukiwa kati ya 200 na 240, anza na 10.5 na usiogope 12. Nyuzi 9 iachie mwenye kasi au mwenye kupiga akipanda, yaani fimbo ikiwa imeshaanza kuinuka inapokutana na mpira. Anayepiga akishuka, kama anavyopiga fimbo ya chuma, anaondoa lofti mwenyewe bila kujua, na nyuzi 9 mkononi mwake inabaki wima kama rula.

Faida ya pili haizungumzwi sana, na mimi naipenda kuliko ya kwanza. Lofti kubwa inapunguza kukata kulia. Uso ukiwa umefunguka kidogo, fimbo yenye lofti kubwa inauzungusha mpira zaidi kwa nyuma kuliko kwa ubavu, kwa hiyo unapinda kidogo. Mwanafunzi anayepoteza mipira minne kwa raundi kwenye majani ya kulia, nusu ya dawa yake iko hapo.

Na upepo? Kusi ikivuma usoni, mkono unatamani nyuzi 9. Mpira unaopaa kama tiara dhidi ya upepo mara nyingi umepigwa kwa sehemu ya chini ya uso wa fimbo, au umepigwa kwa hasira. Poda itakuambia. Piga taratibu, mpira uwe katikati ya uso.

Hatua ya nne: shafti

Shafti ni kama upondo wa kusukumia ngalawa: mwembamba mno unakulegea mkononi, mnene mno unakuchosha na chombo hakiendi. Shafti ikiwa ngumu kuliko kasi yako, mpira hutoka chini na kuelekea kulia, na mkononi unasikia kama umegonga nguzo. Ikiwa laini kupita kiasi, mpira hupanda na kuvutwa kushoto, na hujui kichwa cha fimbo kiko wapi. (Wa mkono wa kushoto wageuze pande.)

Kasi si kila kitu. Angalia unavyoanza kushuka. Kuna mtu anafika juu, anatulia, anaachia. Huyo R inamtosha hata kama kasi yake imegusa 96. Kuna mwingine anarukia mpira kama anayekamata kuku. Huyo apewe ngumu kidogo kuliko hesabu inavyosema. Uzito nao una neno. Shafti za kaboni za draiva nyingi ni gramu 50 hadi 70, na kwa wengi wetu 50 au 55 inatosha. Ukikuta draiva ya zamani yenye shafti ya chuma, hiyo peke yake inaweza kupita gramu 100, na baada ya shimo la sita utaihisi begani.

Hatua ya tano: spana

Draiva za siku hizi nyingi zina shingo ya kufungua kwa spana yake, unaongeza au kupunguza lofti nyuzi moja au mbili. Jueni jambo moja: ukiongeza lofti hivyo, uso unafunga kidogo, unatazama kushoto; ukipunguza, unafunguka kulia. Basi mwenye kukata kulia anayepunguza lofti ili apate umbali anajiongezea maradhi. Na marekebisho yafanyike kabla ya raundi. Katikati ya raundi kanuni hairuhusu kubadili namna fimbo inavyofanya kazi.

Maswali ya wanachama

Muheza: Shikamoo mwalimu. Nimepata draiva nzuri ila shafti ni S, mimi napiga yadi 205. Nikiikata inchi moja juu italainika?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Ukikata upande wa mkono, shafti hailainiki. Inazidi kuonekana ngumu, na kichwa kinapungua uzito unaousikia unapozungusha. Fimbo fupi inasaidia kupiga katikati, hilo ni kweli, lakini shika chini inchi moja kwa wiki mbili uone kwanza. Ukiipenda hivyo, ndipo ukate na urudishe uzito kwa utepe wa risasi kwenye unyayo. Ukikata upande wa kichwa ndiyo unaifanya ngumu zaidi kabisa. Kwa yadi 205, bora ubadilishane shafti na mtu.

Dada wa Raskazone: Kaka, mume wangu ameninunulia seti ya wanawake, draiva ya L. Natupa mpira yadi 190 hewani. Niendelee nayo?

Hongera, dada, yadi 190 si mchezo. Herufi L haijui wewe ni nani. Kwa umbali huo jaribu A, na ukiweza azima R nyepesi ya gramu 50. Mpira ukianza kuvutwa kushoto na kupaa mno na hiyo L, ujue umeshaizidi. Lofti usiishushe chini ya 12.

Kedi wa siku nyingi: Mzee, mimi naona watu wa Arusha wakija hapa wanalalamika draiva zao zimepungua. Ni fimbo au ni watu?

Ni hewa, mdogo wangu. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, hewa yake ni nyepesi na mpira unapata kizuizi kidogo. Kadiri ya asilimia moja ya umbali kwa kila mita 300 za mwinuko. Huku pwani tuko usawa wa bahari, hewa imejaa. Anayepiga 230 kule asishangae akiona 220 hapa. Waambie wachukue fimbo moja kubwa zaidi kwenda grini (majani mafupi yenye shimo), wasianze kugeuza spana.

Ngamiani: Nitajuaje draiva ya mtumba si bandia? Niliuziwa moja ikapasuka uso mwezi wa pili.

Pole sana. Nenda na sumaku ndogo, ile ya spika iliyoharibika inafaa. Kama muuzaji anasema uso ni wa titani, sumaku isishike usoni, titani haivutwi. Usiiweke karibu na skrubu au vizito vya nyuma, hivyo vinaweza kuvutwa hata kwenye fimbo halali. Kisha angalia maandishi: herufi za kuchongwa ziwe na kingo safi, rangi isifurike nje ya mchongo. Tazama shingoni shafti inapoingia, gundi isiwe imevuja. Tikisa kichwa karibu na sikio. Ukisikia chembe inazunguka ndani, rudisha.

Korogwe: Ndugu, kichwa cha draiva yangu kiliruka pamoja na mpira. Nilikuwa nimeiacha kwenye buti la gari tangu asubuhi. Inahusiana?

Inahusiana kabisa, na shukuru hakikumpata mtu. Shafti na kichwa vimeunganishwa kwa gundi ya epoksi, na epoksi inalegea kwa joto. Buti la gari lililoegeshwa juani Tanga mwezi wa pili ni jiko. Fimbo ziingie ndani ya nyumba. Za chuma zifute na kitambaa kikavu kila baada ya kucheza, chumvi ya bahari inazila taratibu. Yako inatengenezeka: safisha gundi ya zamani yote ndani ya shingo na kwenye ncha ya shafti, ikwangue kidogo kwa msasa ishike, paka epoksi mpya ya kazi hiyo, iache siku nzima kivulini bila kuigusa. Ukipitia uwanjani Jumamosi asubuhi nije na msasa, tuifanye pamoja.