Punda mkaidi: kumpunguza unene na kumzoesha banda jipya

Miezi miwili iliyopita jirani yangu aliniita nimsaidie na punda wake. Dume hilo limebeba mchanga na mawe ya ujenzi hapa Lamu miaka mingi, sasa limepumzishwa kwenye uga wa nyuma pamoja na jike mmoja, na kila mpita njia analipatia kipande cha mkate. Shingo imefura, mbavu hazishikiki, na banda jipya alilojengewa hataki hata kulinusa. "Ammi, huyu amegoma kabisa," akaniambia. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Mpapase

Usimpime kwa macho, manyoya na tumbo vinadanganya. Pitisha kiganja mbavuni ukibonyeza kidogo tu. Ukizihisi, yuko sawa. Ukizitafuta usizipate, amenenepa. Shika pia ukingo wa juu wa shingo: ukiwa mgumu au umeanza kulalia upande mmoja, mafuta hayo ni ya siku nyingi, na hayatoki kwa wiki mbili.

Hatua ya 2: Chakula

Punda kaumbwa kula vitu vikavu vyenye nyuzi, kidogo kidogo, kutwa kucha. Majani mabichi yaliyonona, pumba nyingi, wali na mkate vinamnenepesha, na vinaweza kumletea ule ugonjwa wa kwato kupata moto hadi ashindwe kukanyaga. Punda wa kilo 150 asiye na kazi anatoshwa na kilo 2 hadi 2 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Tulitumia mabua ya mahindi na nyasi kavu zinazoletwa na mashua kutoka bara, tukagawa mara nne. Pima kwa mizani ya kuning'iniza. Kipimo cha kumbatio sikikubali hata kidogo, kwani kumbatio langu na la kijana wa miaka 10 haliwezi kuwa moja.

Badilisha polepole, wiki 2 kwa uchache, na kamwe usimshindishe njaa. Punda mnene akikatiwa chakula ghafla, mwili unamimina mafuta yake kwenye damu, ini linalemewa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mimi nilimpoteza jike wangu hivyo, nikidhani namtibu. Siku ya kwanza alisimama kichwa chini, masikio yamelegea, nikasema amenuna. Punda akisusa chakula siku nzima, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mahindi yenye ukungu usimpe hata punje, yanaharibu ubongo. Wala usimwagie chakula mchangani: anaokota pamoja na mchanga, unamjaa tumboni, kisha anaviringika kwa msokoto. Weka kwenye beseni pana la plastiki ngumu. Tairi lililokatwa silipendi, lina nyaya za chuma ndani.

Maji safi muda wote, na jiwe la chumvi la kulamba.

Hatua ya 3: Banda

Mita 3 kwa 3 zinawatosha punda wawili, na wawe wawili kweli, maana punda wa peke yake huzubaa. Paa ni lazima hata huku kwenye joto, kwa kuwa manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Sakafu iinuke kidogo ili mkojo utiririke, na uzoe kinyesi kila asubuhi. Kama uani kuna oleanda, ule mmea wa maua, ing'oe yote na majani yake uyaondoe, ni sumu.

Hatua ya 4: Mlango

Hapa ndipo tulipokwama, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Vijana wawili walivuta kamba mbele, mmoja anasukuma nyuma. Punda akapanda miguu yake ardhini kama nguzo. Mmoja akaokota fimbo, nikamzuia.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda, ambaye asili yake ni punda mwitu wa nyika kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, akiogopa husimama kwanza atazame. Tunachokiita ukaidi mara nyingi ni hofu, na fimbo inamthibitishia kwamba mahali pale ni pabaya kweli. Kwa hiyo niliinama hadi kichwa changu kikawa sawa na chake, nikatazama anachokiona yeye. Ndani giza tupu. Kizingiti cha saruji mpya kinang'aa kama maji. Juu, bati moja halikupigiliwa vizuri, linagonga kila upepo ukija.

Tukalipigilia bati. Tukatoa jingine la upande ili mwanga uingie. Tukachota mchanga wa pale anapolala siku zote, pamoja na kinyesi chake mwenyewe, tukafunika kizingiti chote. Kisha tukamtanguliza yule jike, maana yeye hana makuu. Dume nikamlegezea kamba kabisa. Akipiga hatua moja, nalegeza zaidi na kumsifu. Akisimama, nasimama naye bila kumtazama usoni. Alinusa kizingiti muda mrefu sana, akakikwaruza kwa kwato mara mbili, akaingia.

Zingatia haya: usizungushe kamba mkononi, akishtuka atakuvunja vidole. Usisimame nyuma yake moja kwa moja. Chambo cha pumba kiwe ngumi moja, vinginevyo unaharibu kazi ya hatua ya pili. Mlango uwe na upana wa mita 1.2 au zaidi, kwa sababu akijigonga nyonga siku ya kwanza utaanza upya. Na akishaingia usifunge! Jirani alikimbilia komeo kwa furaha, nikamwambia, "Mwanangu, liache." Mwache aingie na kutoka apendavyo siku kadhaa, chakula chake chote ukiweka ndani.

Usiku wa nne mvua ilinyesha. Alfajiri tulikwenda na tochi kuwatazama, tukawakuta wote wawili ndani, migongo mikavu, wanatafuna mabua. Mlango ulikuwa wazi.