Kutoka Mombasa Hadi Wundanyi kwa Mwendo wa Pole, Mvua Zinapoanza

Nchi yetu haina majira ya kuchipua kama nchi za kaskazini, lakini nyika ya Taru ina yake: siku chache baada ya mvua za kwanza, vichaka vilivyokuwa vikavu kama kuni huvaa majani, na ardhi nyekundu hufunikwa na kijani ambacho hakikai sana. Kwa mkaazi wa Mombasa anayetaka kuendesha gari kwa raha mpaka milimani, huo ndio wakati wa kushika njia ya Wundanyi, mji ulio juu ya milima ya Taita. Mvua hizo huja mara mbili, masika yanapoingia mwishoni mwa Machi na vuli kuanzia Oktoba hivi. Mimi huchagua mwanzo wa Novemba, kwa kuwa nyika za upande wa Tsavo hutegemea vuli zaidi kuliko masika. Usingoje mvua zikolee, maana barabara za udongo za huko juu zikishiba maji huteleza kama mrenda.

Masafa yenyewe si makubwa. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 160, kutoka Voi hadi Mwatate ni kama 25, na kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni kama 15. Mwenye haraka huyamaliza kwa saa nne. Wewe tenga siku nzima na ulale huko angalau usiku mmoja, la sivyo utakuwa umeibadilisha safari ya kustarehe kuwa kazi ya utingo. Siku mbili kabla, mpelekee fundi gari akague breki, maji ya rejeta, waipa na tairi, pamoja na ile ya akiba ambayo wengi wetu huikumbuka pancha ikishatokea. Chukua sweta. Watu wa mwambao hatuamini baridi mpaka itukute.

Ondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, ili uvuke Changamwe, Miritini na Mazeras kabla malori ya makontena hayajajaa. Anayetoka pwani ya kusini atumie barabara ya Dongo Kundu, aepuke foleni ya feri ya Likoni. Baada ya Mariakani barabara hubaki na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na hapo ndipo subira ya dereva hupimwa: lori linapokutangulia, kaa nyuma yake kwa umbali unaokuwezesha kuona mbele, na usilipite kwenye mwinuko hata kama dereva wake amekuwashia indiketa kukuruhusu, kwa kuwa macho yake si yako.

Vituo vingi vya njiani vinaweza kupitwa bila kujuta, ila Mackinnon Road ningesimama. Kando ya barabara, jirani na reli ya zamani, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuwa msimamizi wa vibarua wakati wa ujenzi wa reli. Husimuliwa kwamba karai alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake, na madereva wengi hadi leo husimama kuomba dua kabla ya kuendelea. Vua viatu, jistiri, na ukitaka kupiga picha omba ruhusa kwanza. Kisha hapo nje, kwenye kivuli, mimina kahawa yako na ule mahamri uliyoyafunga nyumbani.

Kuanzia Buchuma mpaka Voi punguza mwendo, hata ukiona barabara ni tupu. Ndovu wa Tsavo huvuka hapo, na nyakati za alfajiri na jioni rangi yao ya udongo mwekundu huwaficha vizuri mno. Ukiwaona, simama mbali, usipige honi wala kushuka garini, na mmoja akishavuka hesabu kwamba wengine wako nyuma yake. Ukifika Maungu tazama kushoto: mlima Kasigau husimama peke yake nyikani, na wakati wa mvua kilele chake huvaa kilemba cha mawingu. Mawingu hayo ni maji ya bahari yetu wenyewe, yaliyosukumwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, na ndiyo yaliyoilisha misitu ya Taita tangu kale.

Jaza mafuta Voi, ushike barabara ya Taveta. Mwatate utapita mashamba ya mkonge, kisha ukate kulia, na mlima uanze mara moja. Barabara ni ya lami lakini ni nyembamba na ina kona kali, kwa hiyo panda kwa gia ndogo, piga honi kabla ya kona usiyoiona mwisho wake, na wapishe wenye matatu, kwani wao wanaijua njia na wana abiria wa kuwahi. Fungua kioo: hewa hubadilika kona hadi kona, na migomba na mabonde ya mboga huanza kuonekana. Sehemu ya mboga zinazouzwa Mombasa hutoka huku.

Ukishapumzika Wundanyi, siku ya pili uliza hali ya barabara kabla ya kwenda Vuria, kilele cha juu kabisa chenye mita 2,208, ambako hewa ikiwa safi Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi. Mvua ikiwa imenyesha usiku, nenda badala yake msitu wa Ngangao na utembee kwa miguu ukiwa na mwenyeji. Milima hii ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, akiwemo mkesha wa Taita, na utulivu utakufaa kuliko kamera kubwa. Katika njia nyembamba, anayeshuka humpisha anayepanda, kwa sababu gari lililosimama mlimani ni tabu kuling'oa tena.

Kushuka ndiko kunakotaka uangalifu zaidi. Mara yangu ya kwanza nilishuka kwa breki tupu huku nikipiga soga, na kabla sijafika Mwatate gari lilikuwa likinuka kuungua na pedali imelegea. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Gari la otomatiki litie kwenye gia ya chini, na breki uzikanyage kwa vipindi. Zikinuka, simama pahali penye nafasi, uziache zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji. Toka Wundanyi ukungu wa asubuhi ukishaondoka, lakini kabla ya saa tano, ili giza lisikukute kati ya Voi na Mariakani ukiwa umekodolewa taa na malori.